Msoma Mita

Usile, usinywe, usipige mswaki kwa nusu saa:
karatasi iliagiza kama mganga.
Nikakaa kibarazani Ilala, Mtaa wa Arusha,
kinywa kikavu kama cha mfungaji,
nikisubiri kutema mate ndani ya kichupa
alichokileta Tausi, mwanangu, kutoka Uswidi.

Bibi alikuwa akinitemea mate utosini
kila asubuhi ya mtihani:
pfu, pfu, nenda, Mungu akufungulie.
Mate yale yalikuwa ya dua.
Haya yalikuwa ya posta.

Tulitaka mchezo tu,
tujue sisi Wandengereko tumechanganyika na nani,
kama yule babu wa pua ndefu alikuwa Mshihiri kweli
au ni majivuno ya shangazi zangu.
Wiki saba. Jibu likaingia kwenye simu
usiku umeme umekatika.
Uarabuni, asilimia mbili.
Shangazi wataringa mwaka mzima.

Chini yake, jina:
Hemedi, Rotterdam, asilimia kumi na mbili na nukta.
Jamaa wa karibu, ilisema mashine
inayojua kuhesabu, isiyojua kuita.

Hemedi akaandika kwanza. Shikamoo.
Mama yangu yupo Mbagala, Rangi Tatu.
Baba yake hakumjua,
aliambiwa tu alikuwa mtu wa maji.

Mtu wa maji.
Sefu Mkwaya, baba yangu, msoma mita,
kaki iliyopigwa pasi, kalamu nyuma ya sikio,
alipiga hodi nyua zote za Temeke,
akachuchumaa,
akafuta vumbi la kioo kwa kidole gumba,
akaandika tarakimu.
Ametuachia madaftari kumi na manne.
Hakuna ukurasa unaosema
nyumba ipi aliisoma mara mbili kwa mwezi.

Nikamwendea mama
nimebeba maneno kama ndoo iliyojaa pomoni.
Alikuwa anachambua mchicha.
Mama, nikasema, inaonekana Baba…
Hakuinua macho. Akavunja bua, akalitupa.
"Wa Temeke," akauliza, "au wa Buguruni?"

Nilikaa kimya hadi mchicha ukaisha.
Kwenye matanga nililia kuliko yeye,
nikadhani ana moyo mgumu.

Usiku Hemedi akaandika tena:
Shikamoo, mama mdogo.
Neno likaingia ndani
kabla sijaamua kufungua mlango.

Jumamosi nikaenda Mbagala
na picha moja ya baba na kilo mbili za sukari.
Sikujua mtu humpelekea nini
dada wa miaka hamsini na sita.
Akatoka mwanamke mpana, nesi mstaafu,
miwani imening'inia kwa uzi.
Jina lake Sikudhani.
Wala mimi, nikataka kusema.

Tukatazamana kama watu wanaogombea chenji.
Pua siyo. Macho siyo. Paji la uso la watu wengine kabisa.
Nikaanza kuishuku maabara.
Tumezoea kuambiwa damu nzito kuliko maji;
kuhusu mate, wahenga hawakuacha neno.

Akainuka kunichotea maji.
Akafungua bomba la kisima, hakukinga glasi.
Aliyaacha kwanza yapite juu ya vidole,
midomo ikicheza bila sauti,
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba,
ndipo akakinga.

Kwetu hakuna aliyekunywa bila hesabu ile.
Baba alisema bomba lina usingizi,
liamshe kwanza.

"Nani alikufundisha?"
"Kufundishwa nini?"
Nikaonyesha vidole vyake, bado vinadondoka.
Akavitazama kama vya mgeni.
"Ah. Mama alikuwa hivyo," akasema.
"Mpaka anakufa. Hata maji ya ndoo
aliyahesabia."

Mama yake. Ambaye hana tone letu,
ambaye kichupa chochote kingemkana.

Nikapokea glasi kwa mikono miwili.
Yalikuwa na chumvi kidogo,
maji ya Mbagala.
Nikayamaliza.